Anahema Lakini Kifua ni Safi: Kutafuta Chanzo Pale Uwiano wa Asidi na Besi Unapovurugika

Mgonjwa anayehema kwa nguvu huandikiwa ugonjwa wa kifua mapema mno. Katika vituo vya afya vya Moshi na Arusha, ambako nimonia, pumu na kifua kikuu huonekana kila wiki, tabibu ana sababu nzuri ya kufikiria mapafu kwanza. Hata hivyo, ukisikiliza kifua ukakuta hewa inaingia vizuri pande zote mbili, na kipimo cha kidoleni kikaonyesha oksijeni ya kutosha, huna budi kujiuliza mapafu hayo yanafanya kazi ya ziada kwa niaba ya kiungo gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa tabibu, muuguzi na mwanafunzi wa tiba anayekutana na mgonjwa wa namna hiyo, na unaanza na dalili inayoonekana kitandani kabla ya kwenda kwenye namba za maabara.

Namba tatu, na kanuni ya fidia

Damu ya ateri ya mtu mwenye afya ina pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ya kati ya 7.35 na 7.45, kanieneo ya kabonidayoksaidi ya kati ya 35 na 45 kwa milimita za zebaki, na bikaboneti ya kati ya milimoli 22 na 26 kwa lita. Kabonidayoksaidi huzalisha asidi na hutolewa na mapafu. Bikaboneti ni besi inayotunzwa na figo. Bikaboneti ikishuka, au kabonidayoksaidi ikipanda, damu huelekea upande wa asidi, nasi huiita hali hiyo asidosisi. Kinyume chake ni alkalosisi. Chanzo kikiwa katika bikaboneti, tatizo ni la kimetaboliki, na kikiwa katika kabonidayoksaidi, tatizo ni la upumuaji.

Upande mmoja ukiharibika, upande wa pili hujaribu kufidia. Mapafu hujibu ndani ya dakika chache, ilhali figo huhitaji siku mbili hadi tano ili kujibu kikamilifu, na kwa kawaida fidia hupunguza kosa bila kulifuta na bila kuivusha pH upande wa pili. Kwa hiyo, ukiona pH ya 7.20 pamoja na kabonidayoksaidi iliyoshuka, huwezi kusema kuwa kupumua kwa kasi ndiko kulikoleta asidi. Kupumua huko ndiko kunakozuia hali isiwe mbaya zaidi. Wakazi wa Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, huwa na kabonidayoksaidi ya chini kidogo kuliko wakazi wa Tanga, lakini tofauti hiyo ni ndogo na haitoshi kueleza jibu lililo mbali na kawaida.

Dalili: anavuta pumzi ndefu na nzito, kifua ni safi

Upumuaji huu ulielezwa mwaka 1874 na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul, aliyeuona kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakielekea kuzimia. Pumzi ni ndefu, zimepangika, na mgonjwa hasemi kwamba kifua kimembana. Ni ishara ya asidosisi ya kimetaboliki mpaka uthibitishe vinginevyo, na hatua inayofuata ni kutafuta kama kuna asidi ngeni iliyoingia katika damu au kama ni bikaboneti tu iliyopotea.

Swali hilo hujibiwa na pengo la anioni: chukua sodiamu, utoe jumla ya kloraidi na bikaboneti. Jibu la kawaida ni kati ya 8 na 12, ingawa kila maabara ina kiwango chake. Kwa mgonjwa mwenye utapiamlo au ugonjwa wa ini, albumini (protini ya damu) ya chini hulificha pengo, kwa hiyo liongezee 2.5 kwa kila gramu 10 kwa lita ambazo albumini imepungua chini ya 40, la sivyo utamruhusu kurudi nyumbani mtu mwenye asidi nyingi mwilini.

Pengo likiwa kubwa, yaani kuna asidi ngeni, anza na sukari. Kijana aliyekonda kwa wiki kadhaa, anayekunywa maji ndoo nzima na kukojoa usiku kucha, kisha akaanza kutapika na kulalamika tumbo, amekuwa akipelekwa kwa daktari wa upasuaji mara nyingi kuliko inavyostahili. Kipimo cha sukari cha kidoleni na kijiti cha mkojo cha ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza unapounguza mafuta badala ya sukari) huchukua dakika chache, na vyote viwili hupatikana hata katika vituo ambavyo havina mashine ya gesi za damu. Tuchukue mfano wa majibu: pH 7.14, kabonidayoksaidi 18, bikaboneti 6, sodiamu 132, kloraidi 96. Pengo ni 30. Ili kujua kama mapafu yanafidia inavyopasa, zidisha bikaboneti kwa 1.5, ongeza 8, ukiruhusu tofauti ya 2 juu au chini. Unapata 17, na 18 ya mgonjwa imo ndani ya kiwango. Tatizo ni moja tu, nalo linatibiwa kwa maji, insulini na potasiamu. Potasiamu ipimwe kabla ya insulini, kwa sababu asidi huisukuma nje ya seli na kuifanya ionekane ya kutosha katika damu wakati akiba ya mwili imekwisha; ikiwa chini ya 3.3, insulini isubiri hadi potasiamu irekebishwe. Bikaboneti ya sindano, ambayo ndugu wa mgonjwa huiomba wakisikia neno asidi, haina nafasi hapa isipokuwa pH imeshuka chini ya 6.9.

Sukari ikiwa ya kawaida, kuna njia kadhaa za kufuata. Mtoto mwenye homa anayevuta pumzi nzito apimwe malaria na kiwango cha damu papo hapo, kwa kuwa bikaboneti iliyo chini ya 15, au asidi ya laktiki iliyofikia 5 na kuendelea, ni miongoni mwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya malaria kali. Tibu kwa artesuneti ya sindano, na damu kama ameishiwa. Usimmiminie maji ya haraka kwa dhana kwamba asidi itaoshwa: utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walikufa zaidi walipopewa maji mengi kwa mkupuo. Watoto wanaoharisha hawakuwa sehemu ya utafiti huo, na kanuni yao ni nyingine.

Kwa mtu mzima, uliza juu ya pombe bila kumhukumu. Aliyekunywa siku mfululizo bila kula, kisha akatapika, anaweza kuwa na ketoni nyingi huku sukari yake ikiwa ya chini, na mara nyingi hupata nafuu kwa thiamini, dripu ya glukosi na maji ya chumvi. Mbege, pombe ya ndizi, peke yake si ya kulaumiwa hapa. Kinacholeta shida ni kukosa chakula. Aliyekunywa pombe haramu isiyojulikana ilivyotengenezwa, na akasema anaona kama kuna ukungu mbele ya macho, achukuliwe kuwa amekunywa methanoli, na rufaa ya kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu isisubiri majibu. Figo zilizofeli, metifomini kwa mgonjwa wa figo, aspirini iliyozidi, na maambukizi makali ya damu hukamilisha orodha ya kawaida.

Katika baridi ya Juni na Julai, kuna chanzo kingine ambacho kipimo cha oksijeni cha kidoleni hukificha. Familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, huamka na kichwa kinachouma, kichefuchefu na uchovu, na wengine hawaamki. Monoksaidi ya kaboni hukamata himoglobini, tishu hukosa oksijeni na kuanza kutoa asidi ya laktiki, lakini kifaa cha kidoleni hakitofautishi himoglobini hiyo na ile iliyobeba oksijeni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa kwa kukosa oksijeni. Wakija watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiwa na dalili zinazofanana, uliza juu ya jiko kabla ya kuuliza walikula nini, na uwape oksijeni ya kiwango cha juu bila kujali kifaa kinasema nini.

Pengo ni la kawaida, lakini bikaboneti imeshuka

Hapa mara nyingi bikaboneti imetoka na kinyesi. Kuhara sana huiondoa, na kloraidi hupanda kuziba nafasi yake. Paketi ya ORS, chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa kwa anayeharisha, imetengenezwa kwa kulizingatia jambo hilo: ina sitreti, ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti. Kwa aliyepungukiwa sana na maji, dripu ya Ringa lakteti ni bora kuliko maji ya chumvi ya kawaida, kwa kuwa maji hayo yana kloraidi milimoli 154 kwa lita, na mgonjwa akipewa lita nyingi hupata asidosisi mpya iliyotengenezwa na dripu yenyewe. Nimeona asidosisi ya namna hiyo ikitibiwa kwa kuongeza dripu ileile.

Asiyeharisha, na ambaye hakupewa dripu, atazamwe figo. Kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofovia, ambaye ameanza kuumwa mifupa na kuishiwa nguvu za misuli, pima potasiamu, fosfeti, kreatinini, na sukari ya mkojo; sukari ikionekana kwenye mkojo wakati ya damu ni ya kawaida, mirija ya figo inavuja.

Alikuwa anahema, sasa ametulia

Ndugu hufurahi, na muuguzi aliyechoka naye anaweza kufurahi. Rudi kwenye mfano wa bikaboneti ya 6, ambapo kabonidayoksaidi ilitakiwa kuwa karibu na 17. Ikipimwa tena ikawa 30, namba hiyo ikitazamwa peke yake bado iko chini ya kawaida, lakini pH imeshuka hadi kama 6.92: misuli ya kupumua imechoka na mgonjwa ana matatizo mawili. Vivyo hivyo, mgonjwa wa pumu kali ambaye kabonidayoksaidi yake ni 40 hana jibu zuri, kwa kuwa alipaswa kuwa chini ya 35. Kwa mama mjamzito hatari hujificha zaidi, maana ujauzito wenyewe huishusha kabonidayoksaidi hadi karibu na 30 na bikaboneti hadi karibu na 20. Ile 40 inayoonekana nzuri kwenye karatasi ni ishara ya kuita msaada.

Dalili: usingizi mzito, kuchanganyikiwa, pumzi chache au hafifu

Hii ni asidosisi ya upumuaji: hewa haitoki. Mwaka 1952, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilipopigwa na mlipuko wa polio, madaktari waliona bikaboneti ya wagonjwa iko juu na wakadhani ni alkalosisi isiyoeleweka. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alisema kuwa wagonjwa wanajaa kabonidayoksaidi kwa sababu misuli yao imepooza, na vipimo vya pH vilimuunga mkono. Wanafunzi wa udaktari wakawekwa zamu kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, na vifo vikapungua sana. Kosa la kuisoma bikaboneti peke yake lingali linafanyika leo, hasa pale maabara inapotoa elektrolaiti bila gesi za damu.

Katika mashamba ya mboga na kahawa ya mikoa hii miwili, mtu mzima anayeletwa akitoka mate mengi, jasho, mboni za macho zikiwa ndogo kama tundu la sindano na misuli ikitetemeka, amekutana na kiuatilifu cha kundi la oganofosfeti. Mvue nguo, mwoshe, mpe atropini hadi kifua kikauke, na uwe tayari kumsaidia kupumua. Mboni zikiwa ndogo bila mate wala jasho, fikiria mofini na jamii yake, na utafute naloksoni.

Bibi aliyepikia kuni kwa miaka mingi katika jiko lisilo na dohani ni mgonjwa wa aina nyingine. Akiwa na kabonidayoksaidi 60, bikaboneti 33 na pH 7.36, figo zake zimekuwa zikifidia kwa muda mrefu, kwani katika hali sugu bikaboneti hupanda kwa takriban 4 kwa kila ongezeko la 10 la kabonidayoksaidi. Kama hali ingekuwa imeanza leo asubuhi, bikaboneti ingepanda kwa 1 tu kwa kila ongezeko hilo la 10, na pH ingekuwa karibu na 7.26. Mwongezee oksijeni kwa kiasi, ukilenga kipimo cha kidoleni kati ya 88 na 92. Kumjaza oksijeni hadi 100 kunaweza kumzidishia kabonidayoksaidi na kumpeleka kwenye usingizi asioamka.

Dalili: kutapika kwa muda mrefu, misuli kukaza, mwili kulegea

Tumbo hutoa asidi, na anayetapika kila siku huipoteza. Mtoto wa wiki tatu hadi sita anayetapika kwa kurusha mbali mara baada ya kunyonya, kisha akataka kunyonya tena, huenda ana mlango wa chini wa tumbo uliokaza. Mtu mzima mwenye historia ya vidonda vya tumbo anayetapika chakula cha jana huenda ana mlango huohuo uliozibwa na kovu. Wote wawili hupungukiwa kloraidi na potasiamu, na bikaboneti yao hupanda. Mtoto arekebishwe damu kwanza, apasuliwe baadaye: upasuaji huu si wa usiku wa manane. Maji ya chumvi pamoja na potasiamu ndiyo tiba, na hapa kloraidi ileile iliyoleta shida katika kuhara ndiyo inayotakiwa. Dawa za kukojoza kama furosemaidi huleta picha ileile.

Kuna swali ambalo vitabu vya ng'ambo haviulizi. Uliza: "Bibi, kiungulia unakitulizaje?" Wengi watajibu kuwa wanalamba magadi, yaleyale yanayolainisha makande na kiburu, na ambayo Ziwa Natron lina hazina yake kubwa. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kiasi kinachotiwa chunguni hakimsumbui mwenye figo nzima, kwani bikaboneti ya ziada hutoka na mkojo; lakini kwa mwenye figo dhaifu, anayetapika, au anayetumia furosemaidi, kijiko kila siku kinatosha kuivuruga damu, mbali na sodiamu inayopandisha shinikizo. Kuhusu chupa za maji ya alkali zinazouzwa kwa ahadi kwamba zitaondoa asidi ya damu, maji hayo hukutana na asidi ya tumbo kwanza, na mwenye figo na mapafu mazima hayahitaji.

Dalili: ganzi mdomoni na vidoleni, kizunguzungu, vidole kujikunja

Kabonidayoksaidi imetolewa kupita kiasi, kalsiamu huru imeshuka, na neva zimekuwa nyepesi kusisimka. Msichana wa sekondari aliyepata hofu kabla ya mtihani ni mfano wa kawaida, lakini hofu iwe jibu la mwisho: malaria, maambukizi ya damu yanayoanza, damu iliyoganda mapafuni na aspirini huanza hivyohivyo. Kumpumulisha ndani ya mfuko wa karatasi kabla ya kupima oksijeni na sukari ni hatari.

Mlima una habari yake. Wapagazi na wageni wanaofika kambi zilizo juu ya mita 4,600 za Kilimanjaro, na zaidi wanaoelekea Uhuru kwenye mita 5,895, hupumua haraka kwa sababu oksijeni ni haba, na hivyo kupata alkalosisi ya upumuaji. Alkalosisi hiyo huuzuia ubongo kuongeza pumzi zaidi, ndiyo maana usiku mtu husita kupumua kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka akivuta hewa. Figo hurekebisha kwa kumwaga bikaboneti katika siku zinazofuata, na asetazolamidi, miligramu 125 mara mbili kwa siku, huziharakisha. Dawa hiyo nayo huleta ganzi vidoleni na kuharibu ladha ya soda. Lakini anayepepesuka au kuchanganyikiwa asihesabiwe kuwa na alkalosisi: ubongo umevimba, na kushuka kuanze wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Dalili ziko wazi, lakini pH ni ya kawaida

Majibu haya huwapumbaza wengi: pH 7.40, kabonidayoksaidi 40, bikaboneti 24, sodiamu 140, kloraidi 90. Kila namba ya gesi iko katikati ya kiwango, ila pengo la anioni ni 26. Mgonjwa wa kisukari mwenye ketoni ametapika kwa siku mbili, asidi imeishusha bikaboneti, kutapika kumeipandisha, na matatizo mawili yamefunikana. Kwa hiyo pengo lihesabiwe kwa kila mgonjwa mahututi, hata pH inapopendeza.

Majibu hayafanani na mgonjwa

Kabla ya kumtilia shaka mgonjwa, tilia shaka sampuli. Povu la hewa ndani ya bomba la sindano huishusha kabonidayoksaidi na kuisogeza oksijeni kuelekea ile ya hewa ya kawaida. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya bomba, ikiwa nyingi huishusha kabonidayoksaidi na bikaboneti pamoja. Damu iliyokaa mezani zaidi ya nusu saa bila barafu huendelea kutumia oksijeni na kutoa asidi, na kwa mgonjwa wa saratani ya damu mwenye chembe nyeupe nyingi mno hali hiyo huwa mbaya zaidi. Damu ya vena ikitolewa kwa bahati mbaya, pH huwa chini kwa takriban 0.03, lakini bikaboneti yake inakaribiana sana na ya ateri, kwa hiyo inafaa kabisa kufuatilia ketoni za kisukari na kumwondolea mgonjwa maumivu ya kuchomwa kifundo cha mkono.

Namba zenyewe pia zinaweza kukaguliwa. Zidisha kabonidayoksaidi kwa 24, ugawanye kwa bikaboneti. Jibu ni haidrojeni kwa nanomoli, ambapo 40 ni sawa na pH ya 7.40, 50 ni karibu na 7.30, na 63 ni karibu na 7.20. Ikiwa pH iliyoandikwa iko mbali na hesabu hiyo, kuna aliyekosea kunakili au bikaboneti ilipimwa kwa sampuli nyingine ya saa nyingine. Anayempeleka mgonjwa kutoka Rombo au Machame kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, au kutoka Monduli kwenda hospitali ya Mount Meru mjini Arusha, aandike kwenye barua ya rufaa saa ya kuchukua sampuli, kiasi cha oksijeni alichokuwa anapewa mgonjwa wakati huo, idadi ya pumzi kwa dakika, na aina na lita za dripu zilizokwisha kuingia.